Mgongo wa Saa ya Mzee Asagwile

Kama mzazi wako bado anapokea simu zako, isome hii taratibu, kisha umpigie. Na kama una ndugu mnayevutana naye juu ya wazazi, mtumie naye aisome.

Huko Tukuyu, mahali ambapo mvua haiombwi, aliishi mzee mmoja aitwaye Asagwile pamoja na mkewe, Mama Ipyana. Watoto wao wawili, Ipyana na mdogo wake wa kike Tusekile, walikuwa Dar es Salaam wakihangaika na maisha.

Siku moja Mama Ipyana alipatwa na kiharusi. Mungu alimnusuru, lakini upande wake wa kulia ulilala na haukuamka tena. Hata maneno yake yakawa mazito, yanatoka moja moja kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mzee Asagwile naye alikuwa na presha. Watoto wakaingiwa na hofu: mgonjwa anamuuguza mgonjwa, na sisi tuko mbali.

Tusekile akanunua saa janja, zile zinazopima mapigo ya moyo na kupeleka habari kwenye simu. Akasafiri nayo mpaka Tukuyu, akamvalisha baba yake kwa mkono wake mwenyewe.

"Baba, hii usiivue," alimwambia. "Shambani, kitandani, popote. Ikiwa mkononi mwako, mimi kule nalala usingizi."

"Nimesikia, mwanangu," mzee akajibu.

Haikuchukua muda, Tusekile akaona jambo. Asubuhi mstari wa mapigo ulikatika kwenye simu yake. Jioni ukakatika tena. Kesho yake vivyo hivyo. Mara ya kwanza aliacha kazi mezani, akapiga simu.

"Baba, uko salama?"

"Nipo."

"Saa iko wapi?"

"Niliivua kidogo. Nimeshaivaa."

"Uliivua kwa nini?"

"Kazi tu, mwanangu."

Kazi gani, hakusema. Ikawa hivyo mwezi kwa mwezi. Tusekile alianza kwa kubembeleza, akaja kulalamika, na mwisho akawa anaaga kwa mkato kama mtu aliyedharauliwa. Akamweleza kaka yake.

Ipyana alikuwa mtu wa maamuzi ya haraka. "Mtu asiyeweza kutunza saa atamtunzaje Mama?" akasema. "Nenda ukamchukue. Aje akae kwangu. Baba abaki na mashamba yake mpaka tujue la kufanya."

Tusekile hakulipenda neno hilo, lakini hakulikataa.

Alifika nyumbani alasiri, mvua ikinyesha. Alimkuta mama yake kitini karibu na dirisha, gauni safi, kitenge kimefunika magoti, nywele zimesukwa mistari iliyokwenda upande. Akamwamkia, akamkumbatia. Kimoyomoyo akawaza kwamba wanawake wa jirani siku hizi hata kusuka hawajui.

Saa ilikuwa mezani ikichaji. Akaichomoa, akaigeuzageuza. Kioo cha mbele kilikuwa kizima, kinang'aa kama siku ilipotoka dukani. Lakini mgongo, ule upande unaolala kwenye ngozi, ulikuwa umeharibika vibaya. Mikwaruzo juu ya mikwaruzo, mingine mirefu, mingine ya duara, mpaka kile kidirisha chenye taa za kijani za kupimia mapigo kimefifia kama sahani ya bati iliyosuguliwa kwa mchanga.

"Baba, saa hii unaifanya nini?"

"Naivaa."

"Ukiivaa, mgongo unagusa ngozi yako. Ngozi haikwaruzi kitu. Hii inaburutwa."

Mzee alikuwa anammiminia chai. Akaendelea kumimina mpaka kikombe kikajaa, akakisogeza mbele yake. "Kunywa kwanza. Umeingia na baridi."

Kukwepwa kule kulimchoma Tusekile kuliko jibu baya. "Nimekuja kumchukua Mama," akasema. Hakuwa amepanga kulitoa hivyo, hata kikombe hajakigusa.

Mzee akaweka birika chini. "Umemwuliza mwenyewe?"

"Mama hawezi kuongea, Baba."

"Anaongea. Maneno yake yanachelewa njiani tu. Ukisubiri, yanafika."

"Gari linakuja kesho asubuhi."

Mzee akamtazama mkewe, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe. "Sawa," akasema. "Nitamtayarisha."

Asubuhi ukungu ulikuwa bado umeshika migomba. Dereva alipiga simu kusema yuko karibu, na Tusekile akatoka kumtafuta baba yake. Hakumwona jikoni. Nyuma ya jiko kulikuwa na bafu la matofali, mlango wake pazia la kanga, na kidirisha kidogo kisicho na kioo, chenye ukingo wa saruji iliyoachwa bila kulainishwa. Mvuke ulikuwa unatoka pale. Akasikia sauti ya mama yake, akasogea, akijiandaa kumsalimu mwanamke yeyote wa jirani atakayekuwa anamhudumia.

Alichosikia ni sauti ya baba yake.

"Maji yamekaa sawa? Jaribu kwa mkono huu wa kushoto."

Pakawa kimya kirefu. Mzee hakuharakisha.

"Ya... moto... kidogo."

"Ngoja niongeze ya baridi."

Kisha mkono wa mzee ukatokea dirishani. Ulikuwa umeishika saa. Ukailaza chali kwenye ile saruji, ukaikandamiza, ukaisukuma pembeni kupisha sabuni. Ikalia kwa sauti ndogo ya kukwaruza.

Tusekile akabaki amesimama pale pale, manyunyu yakimwangukia kichwani.

"Leo nakuvalisha lile gauni la kijani," mzee alikuwa akisema ndani. "Dar kuna joto, ila njiani utasikia baridi. Na ukifika kule, usiwakasirikie watoto wasipokusubiri umalize neno. Watajifunza. Hata mimi nilijifunza."

Tusekile akarudi nyuma taratibu, akaketi kwenye kizingiti cha jiko. Baba yake alipotoka na karai, akainuka.

"Baba, kumbe ni wewe unayemwogesha."

Mzee akatahayari kama mtu aliyefumaniwa. Akalitua karai chini. "Wanawake wa jirani walikuja siku za mwanzo. Ni watu wema. Lakini kila wakimaliza, mama yako analia. Nikawashukuru, nikalichukua karai mwenyewe."

"Hata nywele?"

"Hata nywele. Mistari yangu hainyooki."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje kumsimulia binti yangu habari za kumwogesha mama yake? Tena mwenyewe aliniomba. Alisema, watoto wakija wanikute nimevaa."

"Na saa?"

"Mwanzoni nilimwogesha nikiwa nayo, kama ulivyoniagiza. Chuma cha mkanda kikamchana begani, upande ule uliolala. Hakusikia. Mimi nami sikujua, mpaka maji yalipobadilika rangi. Nikasema, hiki hakitamgusa tena."

Tusekile akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Lakini kulikuwa na kitu kimoja bado hakukielewa. "Humo ndani kuna msumari wa taulo. Si ungeitundika hapo? Kwa nini uilaze kwenye saruji?"

Ilionekana hili lilikuwa gumu zaidi kwa mzee kulisema.

"Siku uliponivalisha, uliniambia zile taa za kijani za nyuma ndizo zinazokuwezesha kuniona ukiwa Dar. Nikiitundika, jicho linaweza kugeukia ndani. Ndiyo maana nailaza chali na kuikandamiza, lisione kitu. Mama yako anakuwa hana nguo."

Kicheko kilimpanda Tusekile, kikafika kooni, kikageuka kuwa kitu kingine. Akaushika ule mkono wa baba yake, ambao bado ulikuwa na maji.

"Haioni, Baba. Inapima mapigo tu."

"Haioni kabisa?"

"Kabisa."

Mzee akafikiri. "Basi vizuri," akasema. "Ila nitaendelea kuilaza vilevile. Nimezoea."

Honi ikalia barabarani. Tusekile akaingia ndani, akapiga magoti mbele ya mama yake, ambaye alikuwa ameshavalishwa gauni la kijani na kuketishwa tayari kwa safari.

"Mama, unataka kwenda Dar?"

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mama yake augue. Akasubiri. Midomo ya mama ikajaribu, ikashindwa, ikaanza upya. Honi ikalia mara ya pili. Tusekile hakugeuka.

"Baba yenu," mama akasema, na jasho limemtoka, "atakula... na nani?"

Tusekile akatoka kumwomba dereva radhi, gari likarudi lilikotoka. Akampigia kaka yake. Ipyana alianza kubisha kabla hajasikia lolote, kwa hiyo akamsimulia yote, la msumari na la jicho pia.

"Kaka, unanisikia?"

"Nakusikia," Ipyana akajibu kwa sauti iliyobadilika. "Mwambie Baba nakuja kulitengeneza hilo bafu. Niweke vyuma vya kushikia, na sakafu isiyoteleza."

Na kweli alikuja, na mifuko ya saruji, na hakutaka fundi amsaidie.

Tusekile aliomba likizo akabaki. Alipika, akafua, akapalilia migomba, lakini bafuni hakusogea, kwa sababu hakuitwa. Mpaka jioni moja, mzee alipokuwa anabeba karai, mkewe alimshika shati kwa ule mkono wake mzima. Mzee akasimama, akainama, akasubiri.

"Mwite... Tuse."

"Una hakika, Mama Ipyana?"

Akatikisa kichwa kukubali.

Tusekile akalisogeza pazia na kuingia, macho ameyainamisha, asijue aanzie wapi. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda, mdogo kuliko alivyomkumbuka, kovu jembamba likionekana begani. Hakujifunika. Mzee akampa binti yake kitambaa chenye povu, akajisogeza pembeni kumpisha.

"Anza upande wa kushoto," akamwelekeza kwa sauti ya chini. "Huo ndio unaosikia. Ajue kwanza kwamba ni wewe."

Funzo: Usimpime mzazi wako kwa mikwaruzo iliyo kwenye vitu ulivyompa. Kaa naye, mwulize, na usubiri jibu lifike, kwa maana mapenzi ya watu wazima mara nyingi hufanya kazi nyuma ya pazia, mahali ambapo wenyewe hawataki kuonekana.