Nyongo Tu

Wapendwa, kabla sijaendelea na somo letu, nina swali kwa akina mama. Unapompasua kuku, ni kitu gani unakitoa kwa uangalifu kuliko vyote?

Ndiyo, nimemsikia mmoja pale nyuma. Nyongo. Ule mfuko mdogo wa kijani uliojificha kwenye ini. Ukiupasua, kitoweo chote kimekuwa kichungu. Ukiutoa salama, unautupa jalalani, na hakuna mtu aliyewahi kuulilia. Shikeni hilo, maana nitalirudia.

Palikuwa na fundi cherehani mmoja aliyeishi mjini na mke wake. Fundi huyo alisumbuliwa na maumivu chini ya mbavu, upande wa kulia, hadi akashindwa kukaa kwenye mashine. Madaktari wakakuta mawe katika mfuko wake wa nyongo. Wakautoa wote. Akarudi nyumbani na makovu madogo kabisa, unaweza kuyafunika kwa vidole, na maelekezo aliyopewa mke wake: ale kidogo kidogo, ale mara nyingi, na mafuta yapunguzwe mpaka tumbo lizoee.

Mke akayashika maelekezo yale. Asubuhi uji mwepesi. Baadaye kipande cha papai. Mchana viazi vya kuchemsha na samaki asiyekaangwa. Jioni tena kidogo. Na mume akaanza kupata nguvu.

Habari zikamfikia mama yake kijijini. Mama gani husikia mwanawe amepasuliwa akatulia? Akapanda basi na jogoo aliyefungwa miguu, na ndoo ndogo ya samli aliyoitengeneza kwa mikono yake. Alipoingia ndani akamkuta mwanawe anakula viazi vitupu.

"Mke wa mwanangu," akasema, "hiki ndicho chakula cha mgonjwa?"

"Ndicho, Mama. Walimtoa mfuko wa nyongo. Daktari kasema mafuta tuyapunguze kwanza."

Mama akacheka mpaka akakaa chini. "Nyongo? Nyongo tu? Mimi nimetupa nyongo tangu sijaolewa, na hakuna kuku aliyerudi kunidai! Wangemkata mguu, ningesema tumhurumie. Nyongo!" Akamgeukia mwanawe, sauti ikalainika. "Baba yangu, umekuwa kama ufito. Ngoja mama yako akupikie."

Mke akainamisha kichwa. Lile neno "tu" alikuwa ameshalisikia siku nyingine kutoka kinywa kile kile.

Jogoo akachinjwa. Akapikwa kwa samli hadi mchuzi ukafanya macho ya mafuta. Na mke je? Angesema nini? Aseme samli ya mama mkwe ni sumu? Naye mume akaitazama sahani, akaitazama mikono ya mama yake iliyopasuka kwa kukamua ng'ombe miaka yote. Akala. Akamaliza. Akaomba mchuzi zaidi.

Niambieni, wewe ungekataa?

Kabla jua halijazama alikuwa amejikunja kitandani, jasho linamtoka, na kila mara anainuliwa kupelekwa chooni. Wakamkimbiza hospitali. Mama akakaa kwenye benchi, ncha ya kanga mdomoni. Muuguzi mmoja akaja akakaa pembeni yake.

"Usiogope, Mama, atapona. Ini lake bado linatengeneza nyongo. Ila pa kuihifadhi hapapo tena. Fikiria bomba linalodondosha, na ndoo iliyokuwa chini yake imeondolewa. Ukitaka kuosha kikombe, yale matone yanatosha. Ukileta nguo za nyumba nzima kwa mara moja, utafulia nini?"

Mama akafikiri. "Kwa hiyo nyongo ilikuwa na kazi?"

"Ilikuwa nayo, Mama. Ilikuwa inakaa pale inangojea mafuta."

Kesho yake mgonjwa akarudi nyumbani, amechoka lakini maumivu yameisha. Na mama akaanza kufunga mzigo wake. Akaibeba ndoo ya samli mpaka mlangoni.

"Mikono hii ndiyo iliyomlea," akasema. "Leo ndiyo inayomlaza hospitali. Niacheni niende. Sina kazi hapa."

Sasa, wapendwa, mke alikuwa na haki ya kusema, "Si nilikuambia?" Wengi wetu tungeyasema maneno hayo. Wengine tungeyapeleka na kwenye kundi la kwaya kwa simu. Yeye akakaa kizingitini, karibu na ile ndoo.

"Mama," akauliza, "ulipomwachisha ziwa mwanao, ulianza kumpa nini?"

"Uji. Tena si uji, maji ya uji."

"Kiasi gani?"

"Ncha ya kijiko. Halafu unangoja, unaliangalia tumbo. Likikubali, kesho unaongeza. Mtoto humshindilii, mwanangu, mtoto una..." Akaitazama ndoo.

"Tumbo lake linaanza upya, Mama," mke akasema polepole. "Mimi sijawahi kumwachisha mtoto ziwa. Wewe umeshamwachisha huyu huyu. Usiondoke."

Mama akageuka. Akamtazama mkwe wake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. *Mimi sijawahi kumwachisha mtoto ziwa.* Maana mwaka uliopita binti huyu alipoteza mimba. Na mama mkwe alikuja, akakaa siku moja, akamwambia, "Ni mimba tu, mwanangu, mbona utapata nyingine," akapanda basi akarudi kwa ng'ombe wake.

"Mwaka jana nilikuambia neno," mama akasema.

"Nalikumbuka, Mama."

"Nilidhani ni kitu kidogo. Nilikiona kidogo kwa sababu hakikutoka kwangu."

Machozi ya binti ndiyo yaliyojibu, yale yaliyokuwa yakidondoka kidogo kidogo tangu mwaka jana bila mtu wa kuyakinga.

Mama akafungua mzigo. Akaingia jikoni, akainjika sufuria iliyo ndogo kuliko zote, akapika uji mwepesi. Kisha akamimina vikombe viwili. Kimoja akampelekea mwanawe kitandani. Cha pili akamletea mkwe wake pale kizingitini, akakaa naye mpaka alipokimaliza. Saa chache baadaye, akamimina tena viwili.

Wapendwa, mmevisikia vile vikombe?

Kwenye mabenchi haya wamo watu waliotolewa kitu. Ukiwatazama kwa nje, kovu ni dogo, hulioni. Yuko aliyepoteza mimba kabla haijapewa jina. Yuko mzee aliyefiwa na mke aliyekuwa akigombana naye kila siku, nasi tukasema, ah, sasa atapumzika. Yuko aliyeachishwa kazi. Nasi, kwa sababu hakikutoka kwetu, tumesema "tu". Hatujui kitu kile kilikuwa kimekaa ndani yake kinangojea nini.

Na wakati mwingine sisi ni wakarimu, lakini ukarimu wa ile ndoo ya samli. Siku ya msiba tunafika na masufuria makubwa, maombi marefu, ushauri wa kila aina. Tunamshindilia vyote kwa siku moja, halafu tunapanda basi. Akishindwa kuvipokea tunasema imani yake haba. Hapana. Uwezo wa kupokea anao, ila unakuja tone kwa tone.

Naona watoto wanataka kujua samli iliishia wapi. Iliwekwa rafuni. Wiki zilipopita, mama akachovya ncha ya kijiko, akaipaka kwenye kiazi cha mwanawe, akangoja. Tumbo likakubali. Samli haikuwa na kosa tangu mwanzo.

Leo mkitoka hapa, mfikirie mtu mmoja. Unamjua. Usimpelekee ndoo. Mpelekee kikombe, ukae naye mpaka akimalize. Na kesho urudi.