Njia ya Nne ya Ghala

Paukwa!

— Pakawa.

Pakawa nini?

— Pakawa ghala, na njaa imekaa mlangoni.

Basi tulieni, nisimulie.

Hapo kale, mwaka wa jua kali, wanyama waliweka mbegu zao katika ghala moja. Ghala hilo lilitunzwa na programu ya kompyuta. Mnyama akitaka kitu, aliandika anwani ya njia, na programu ikamtii. /mbegu/tazama ilionyesha akiba. /mbegu/weka ilipokea. /mbegu/gawa ilitoa kibaba kimoja kila asubuhi. Njia isiyosajiliwa haikufunguka, programu ilijibu tu, "Haipo."

Mlinzi wa ghala alikuwa Ngiri. Walimchagua kwa sababu ya yale meno yake yaliyopinda.

Sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, alikuwa mfagiaji wa vijia. Chwa, chwa, chwa! Alifagia tangu alfajiri. Alikuwa na watoto wawili, na siku hizo walikuwa wanalala na njaa bila kulia. Kimya kile kilimtisha kuliko kilio.

Mbegu zikapungua. Wakitazama leo, zimepungua. Wakitazama kesho, zimepungua. Ngiri akaita baraza.

"Hrrm! Mwizi ni Sange! Nani mwingine anajua kila kijia? Afukuzwe, yeye na vitoto vyake!"

Sange aliwaza. Kila asubuhi alifagia punje karibu na shimo la Ngiri, lakini hakuwahi kuona alama ya gunia likiburutwa. Basi mbegu zilipelekwa na programu yenyewe. Na kama kuna njia inayofunguka, imesajiliwa. Ila orodha ya njia ilifunguliwa kwa neno la siri, na neno hilo alilijua Ngiri peke yake.

"Sange mwanangu," akasema Bi Korongo, mwenyekiti wa baraza, "una la kusema?"

Sange akainama mbele ya Ngiri. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Funga mizigo."

"Nitafunga, mzee. Nitaondoka leo hii. Ila naondoka na uchungu, maana huko vichakani wanakucheka. Wanasema kuiamrisha programu iorodheshe njia zake ni kazi ya wenye akili, si ya wenye meno."

Kwi kwi kwi! Nyuma huko mtu akacheka.

"Nani kacheka?" Ngiri akafura. "Mimi sijui kuorodhesha? Mimi? Sogeeni mwone!"

Hakuogopa. Kitufe cha njia yake alikwisha kukiondoa kwenye kioo cha kompyuta, na kwake yeye, kisichoonekana hakipo. Akaandika neno la siri. Ka-ka-ka-ka! Akaandika: orodhesha njia. Bi Korongo akasoma kwa sauti.

"/mbegu/tazama."

"Ipo!" wakaitikia wanyama.

"/mbegu/weka."

"Ipo!"

"/mbegu/gawa."

"Ipo!"

Bi Korongo akanyoosha shingo. Akasoma polepole.

"/mbegu/hamisha/shimo-la-ngiri."

Wanyama wote wakamgeukia Ngiri.

"Lakini hiyo niliificha!" akapayuka Ngiri.

"Ulituficha sisi, mzee," akasema Sange. "Programu ungeifichaje, na wewe uliitaka ikupelekee mbegu kila siku?"

Wakaenda shimoni. Mbegu zilifika magotini. Hukumu Ngiri alikwisha kuitoa mwenyewe, kwa hiyo hawakutafuta nyingine; wakamfukuza yeye. Bi Korongo akaifuta njia ya nne. Ngiri akiwa ukingoni mwa msitu akaiandika tena anwani yake, ka-ka-ka! Programu ikamjibu, "Haipo."

Jioni ile watoto wa Sange walikula, kisha wakalia wakitaka kuongezwa. Sange akaacha ufagio, akakaa akiwasikiliza.

Funzo lake, wenzangu, ni hili: mdogo asimuulize mkubwa ana njia ngapi. Amwambie tu kwamba hajui kuhesabu, naye mkubwa atazihesabu mwenyewe mbele ya wote.

Hadithi yangu nimeifagia hadi mlangoni. Anayeitaka aiokote.