Nguchiro na Gunia la Mchuzi

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma mnanisikia?

Tunakusikia, ongeza chumvi!

Chumvi ipo, kaeni vizuri.

Hapo kale palikuwa na Nguchiro, kanyama kadogo ka kupita chini ya mlango. Rafiki yake Mbwa alifariki akaacha watoto wawili, Ngao na Kuta. Nguchiro akawachukua, akawalea kama wake wa kuwazaa.

Mwaka huo Tembo, mkuu wa kijiji, akatangaza mashindano ya walinzi. Nyani atavaa gunia mkononi, ajifanye mwizi. Mshindani aling'ate gunia, alishikilie, na akiambiwa "acha" aache. Mshindi atalinda mbuzi wa kijiji, na watoto wa mbwa watakuwa chini yake.

Fisi akacheka. "Chini yangu," akasema, "kisha ndani yangu."

Nguchiro akasikia, akaenda kutafuta gunia.

Kila asubuhi akaburuta gunia, bru, bru, bru. Watoto wakang'ata, kwaa! "Acha." Aliyeacha akapewa panya. Asiyeacha akalala njaa. Mwanzoni walilala njaa wote wawili, na Nguchiro akalia nao. Kesho yake tena, bru, bru, kwaa! "Acha." Walipozoea gunia kavu, akalipaka mchuzi wa nyama. Bru, bru, kwaa! "Acha." Wakaacha, udenda ukiwatoka.

Siku ikafika. Tembo akauliza, "Huyu Ngao ni mtoto wa nani?"

"Wangu," akasema Nguchiro.

Wanyama wakaangua kicheko, maana hakumfikia Ngao hata gotini. Nguchiro akawaacha wacheke, akamgeukia Fisi.

"Shikamoo, Mzee Fisi. Mkubwa kama wewe kupewa gunia kavu si heshima. Tulipake mchuzi kidogo?"

"Marahaba, mwanangu. Umefunzwa adabu," akasema Fisi. "Ila mchuzi usiwe kidogo."

"Basi wote watang'ata hilohilo," akaamua Tembo.

Ngao akatangulia. Kwaa! Akamshika hadi Nyani akapiga magoti. "Acha," akasema Tembo. Ngao akaacha, akaketi.

Fisi akafuata. Kwaaa! Akamburuta Nyani uwanja mzima, burururu!

"Acha," akasema Tembo.

"Mmmh," akasema Fisi.

"Fisi, acha."

"Mmmh."

Nyani akachomoa mkono, akahesabu vidole, vyote vipo. Fisi akaona sasa gunia ni lake peke yake, akatimua mbio nalo mdomoni hadi porini, asigeuke nyuma.

Tembo akauliza tena, "Nilisema, Ngao ni mtoto wa nani?"

"Wangu," akasema Nguchiro. Safari hii hakucheka mtu. Ngao akalala chini ili mama yake apande mgongoni, kijiji kizima kimwone. Na Nguchiro akapanda, kifua mbele, Kuta akimfuata.

Funzo, wanangu: ukishika kitu, usiachie. Ngao aliachia, na hadi leo analinda mbuzi wa watu, jua lake, mvua yake. Fisi hakuachia, na gunia analo.

Haya, hadithi, acha.

Imeacha!