Kope za Tembo

Mkaa kisimani hakosi mgeni. Mmeisikia jioni hii kwenye foleni ya maharage, mkadhani waliitunga wahenga wenye ndevu nyeupe. Poleni. Aliyeileta humu bwenini hakuwa na unywele hata mmoja kidevuni. Tulieni basi, mjue ilikotoka.

Swalehe alikuwa wa kidato cha tatu, na kama watu wote waliolelewa na kengele, aliamini kwamba jambo lisilo na ratiba haliwezi kutendeka. Kwao Kondoa alikuwa na bibi yake, Bibi Zaituni, aliyemwita "mume wangu" tangu alipokuwa akimbeba mgongoni. Marehemu babu alikuwa amemwahidi mkewe kwamba siku moja atampeleka mbuga ya Tarangire amwone tembo kwa karibu. Akafariki na ahadi yake. Sasa macho ya bibi yalikuwa yakififia. Daktari alikwisha sema kwamba nuru iliyokwenda hairudi, na iliyobaki nayo iko njiani.

"Basi mume mdogo ndiye mrithi wa ahadi," bibi alisema likizo ilipofika. "Au nitafute mwingine?"

Ukoo ukachanga, likapatikana gari la siku moja tu.

Swalehe alipanda gari na ratiba mkononi. Simba, chui, duma, tembo, nyati, faru. Dereva, Bwana Gwandu, alimweleza kwa upole kwamba faru huko hawapo. Swalehe alikataa kumfuta, kwa kuwa mistari ilikwisha pigwa kwa rula.

Wakakimbia. Dereva mwingine akipita na kusema simba yuko ng'ambo, wao huyoo ng'ambo. Wakifika, simba kaondoka, limebaki vumbi na magari mengine yanayotafuta simba. Walipita kundi la tembo chini ya migunga.

"Tembo wale, bibi! Umewaona?"

"Nimewaona, mume wangu."

Swalehe akatia alama. "Twende, Bwana Gwandu! Chui!"

Chui hakuonekana. Duma naye aligoma. Jua lilipoanza kulalia upande wa lango, Swalehe alimgeukia bibi yake, aliyekuwa amejifunika khanga hadi puani kwa ajili ya vumbi.

"Bibi, hao tembo ulivyowaona, wakoje?"

Bibi Zaituni alifikiri kidogo. "Kama vichuguu, baba. Vichuguu vizuri sana."

Swalehe aliitazama ile alama aliyoitia. Bibi kumwita "baba" badala ya "mume wangu" kulimwambia kwamba alikuwa akimbembeleza yeye, mtoto, asihuzunike.

"Bwana Gwandu, rudi kwa wale tembo! Kimbiza!"

"Asikimbize mtu," bibi alisema. "Nimetikiswa leo kama maziwa kwenye kibuyu, bado kutoa siagi tu. Wewe, unajua babu yako nilimpataje?"

"Alikuja kuposa."

"Alikuja kuposa baada ya kuniona. Na mimi sikumfuata machungani, ningeaibika. Nilikaa kisimani na mtungi wangu umejaa, nikajifanya umenishinda kujitwisha. Wakapita wazee, wakapita mbuzi, akapita mpaka yule mwenye matege. Nikangoja. Mwenye kiu atakosa kuja kisimani?"

Bwana Gwandu alicheka hadi usukani ukayumba. "Shikamoo, bibi! Mtoni ninapajua mahali." Akawashusha taratibu hadi ukingoni, pale tembo wanapofukua mchanga wakati wa kiangazi kutafuta maji, akazima gari.

Kimya kile kilimtesa Swalehe kuliko adhabu ya kufyeka. Lango lingefungwa jioni ile, na nafasi nyingine haikuwepo. Bibi angerudi Kondoa na vichuguu vyake. Wakaja ngiri, mikia juu kama viranja wapya. Wakaja swala. Akaja nyani mmoja, akalitazama gari, akaona halina maana. Swalehe alitaka kusema kitu, bibi akamshika mkono, wala hakuuachia.

Ndipo matawi yalipovunjika nyuma yao.

Walipita pande zote mbili za gari, wazito, bila haraka, nyayo zao hazisikiki. Jike mmoja mkubwa alisimama ubavuni mwa dirisha la bibi, mtoto wake akiwa katikati ya miguu yake, akamtazama bibi. Angenyoosha mkonga angeigusa ile khanga. Bibi Zaituni alisogeza uso, akapepesa macho yake yaliyochoka.

"Karibu, mwenzangu," alinong'ona. Kisha machozi yakamtoka. "Mume wangu, ana kope! Ndefu, kama za bibi harusi. Babu yako hakuniambia kama tembo ana kope."

Swalehe aliinama dirishani naye azione. Ratiba ilikuwa imeanguka miguuni, naye ameikanyaga.

Shule zilipofunguliwa, bweni zima lilimzunguka. "Ulimwona simba?"

"Hapana."

"Chui?"

"Hapana."

"Faru je?" Wakaangua kicheko. "Siku nzima mbugani, sasa ulikwenda kufanya nini?"

"Nilikaa na bibi yangu," alisema Swalehe, akitandika kitanda chake. "Mkaa kisimani hakosi mgeni."