Nguzo ya Pembeni Haina Kisogo

"Nguzo ya pembeni haina kisogo." Hayo ndiyo maneno mliyomsikia shangazi yenu Mwanamkuu akiyasema asubuhi kwenye kikao cha posa, mkaangua kicheko nyote. Nguzo na kisogo wapi na wapi? Basi tulieni niwaambie ilikotoka. Mimi nilisimuliwa na fundi Panayoti, Mgiriki niliyejenga naye maghala ya mkonge kule Korogwe, na yeye alisimuliwa na babu yake. Chanzo cha methali hii kilikuwa hivi.

Zamani sana, katika nchi ya Wayunani, kwenye pwani iliyoitwa Ionia, palikuwa na mji mdogo wa Kalamea. Mji ulikuwa mmoja lakini mitaa miwili. Mtaa wa Chini walikaa wafinyanzi, na mtaa wa Juu walikaa wakamuaji wa mafuta ya zeituni. Watu wa Juu walisema wafinyanzi wana udongo mpaka ndani ya masikio. Wafinyanzi walisema watu wa Juu wanateleza kama mafuta yao. Kila mtaa ulikuwa na madhabahu yake, mpaka siku moja tetemeko la ardhi likazibomoa zote mbili kabla ya chakula cha mchana. Ndipo wazee walipoona haya, wakakubaliana kujenga hekalu moja la marumaru, pale barabara ya Chini na barabara ya Juu zinapokutana. Uso wa hekalu ungeelekea barabara ya Chini, na ubavu wake ungeelekea barabara ya Juu.

Kazi ya kuchonga nguzo alipewa Artemoni. Hakuwa fundi pekee mjini, ila alikuwa amezaliwa mtaa wa Juu na kuoa mtaa wa Chini. Mkewe, Filaina, alikuwa dada yake Melanta, mkuu wa wafinyanzi. Watu wakasema, "Huyu hawezi kumpendelea mtu."

Sasa sikilizeni jinsi nguzo za Kiionia zilivyo, maana kisa chote kimo humo. Juu ya kila nguzo huwekwa jiwe la kichwa. Chukueni mkeka, mkunje kutoka ncha zote mbili mpaka mikunjo ikaribiane. Ukiutazama kwa mbele, unaona misokoto miwili mizuri, huku na huku, kama pembe za kondoo dume. Ukiutazama kwa ubavuni, huoni msokoto, unaona mkunjo mtupu, kama mto wa kulalia. Mafundi waliita upande wa misokoto uso, na upande wa mkunjo wakauita kisogo.

Nguzo za mbele Artemoni alizigeuza zitazame barabara ya Chini, na za ubavuni zitazame barabara ya Juu. Kila mtu akafurahi. Ikabaki nguzo moja tu, ile ya pembeni, pale barabara zinapokutana. Hiyo alichonga kichwa chake kama vingine, akakielekeza mbele, bila kufikiri mara mbili.

Siku kilipopandishwa, mama yake mzazi, Bibi Nikareta, alishuka kutoka Juu na kikapu cha zeituni aje kuona kazi ya mwanawe. Alitazama nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu, akitabasamu. Alipofika pembeni, tabasamu likakatika.

"Artemoni, mwanangu. Hii imekuwaje?"

"Imekuwaje nini, mama?"

"Nguzo iliyo karibu na mtaa wetu kuliko zote, ndiyo uliyoigeuza itupe kisogo?"

Hakungoja jibu. Alirudi na kikapu chake, na kufikia jioni mtaa mzima wa Juu ulikuwa na habari. Asubuhi yake maksai waliokuwa wakivuta mawe hawakuonekana. Walikuwa mali ya watu wa Juu.

Artemoni akaona jambo ni dogo. Aliwaita vibarua, wakafunga kamba, wakakizungusha kichwa cha nguzo robo duara, kikatazama barabara ya Juu. Maksai wakarudi. Lakini kabla ya adhuhuri Melanta alikuja, akasimama katikati ya barabara ya Chini, mikono kiunoni.

"Shemeji," alisema, "naona umerudi kwenu."

"Shemeji, ni jiwe tu."

"Ni jiwe, nami nimeona kisogo chake. Basi na kamba zetu nazo ni kamba tu." Akazikusanya kamba na roda zote za kupandishia mawe, maana hizo zilikuwa za wafinyanzi, akaondoka nazo.

Nyumbani hali ilikuwa vilevile. Filaina alimwandalia chakula, akakaa upande wa pili wa meza akiwa amempa mgongo, akala akitazama ukuta. Tena walikuwa wamepata mtoto wa kike siku hizo hizo. Desturi yao ilikuwa mtoto kupewa jina siku ya kumi, mbele ya jamaa wa pande zote mbili. Siku ya kumi ikafika. Bibi Nikareta alituma ujumbe kwamba hatakaa meza moja na watu wa Chini, na Melanta akasema hatafika kama yule bibi atakuwepo. Mtoto akabaki hana jina. Majirani walimwita "Huyo".

Jambo hilo lilimchoma Artemoni kuliko hekalu lenyewe. Na hekalu nalo lilikuwa halina paa, na mvua ilikuwa karibu. Alikaa uani na bonge la udongo wa mfinyanzi, akatengeneza mfano wa kichwa cha nguzo, akaugeuza huku, akaugeuza kule. Kila alipopata uso mmoja, alipata na kisogo.

Filaina alikuwa akimnyonyesha mtoto kando yake. Alimtazama mumewe akihangaika, mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Wewe unaufanya udongo kama jiwe," alisema. "Unajua kuupunguza tu. Nishikie mtoto."

Akampa mtoto, akaushika ule mfano. Kwanza akachora misokoto upande wa mbele. Kisha akachora mingine ubavuni, palepale palipokuwa na kisogo. Kwenye kona ya nje, misokoto miwili ilipokutana, alitia kidole gumba kwa ndani akaivuta, kama mtu anayevuta mdomo wa mtungi. Kona ikajitokeza mshazari, ikawa msokoto mmoja wa kuonekana kutoka pande zote mbili.

Artemoni alisimama na mtoto mkononi, akazunguka ule mfano mara tatu. Mbele uso. Ubavuni uso.

"Filaina," alisema, "mbona hukuniambia mapema?"

"Uliniuliza?" akajibu Filaina, lakini safari hii akimtazama.

Jiwe lililokwisha kuchongwa halikufaa tena, kwa sababu marumaru haivutwi. Lilitakiwa jiwe jipya, pana zaidi, kutoka machimboni. Artemoni akaubeba mfano wa udongo hadi kwa mama yake kuomba maksai.

Bibi Nikareta aliukagua kama mtu anayenunua mbuzi. "Na hao wa Chini wataona nini?"

"Watakachoona wa Juu, mama."

"Chao hakitazidi chetu kwa uzuri? Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Haya. Chukua maksai." Kisha akamwita tena. "Na chao hakitapungua? Sitaki waseme tumewadhulumu."

Melanta naye aliuliza maswali yaleyale, akatoa kamba.

Artemoni alichonga siku kumi na nne. Jiwe lilipopandishwa, mitaa yote miwili ilitoka. Bibi Nikareta alisimama barabara ya Juu na watu wake, Melanta akasimama barabara ya Chini na wake. Turubai lililofunika kichwa cha nguzo likaondolewa.

"Inatutazama sisi!" akapaza sauti Bibi Nikareta.

"Hapana, bibi, inatutazama sisi!" akajibu Melanta.

"Macho yako yana udongo! Njoo huku uone!"

"Njoo wewe huku!"

Kila mmoja akaenda kumthibitishia mwenzake, wakitembea kwa ukali, vichwa juu, macho kwenye nguzo. Wakakutana pembeni kabisa, pua kwa pua, nusura wagongane. Juu ya vichwa vyao, ule msokoto wa kona ulikuwa umejitokeza katikati yao, haumtazami huyu wala yule, unawatazama wote. Bibi Nikareta alijitahidi kukasirika, akashindwa. Alianza kucheka mpaka akamshika Melanta bega asianguke.

"Ama kweli," alisema akifuta machozi, "nguzo ya pembeni haina kisogo!"

Jioni ile ile mtoto alipewa jina la Harmonia, yaani mapatano, na nyumba haikutosha watu. Walikula zeituni za Juu katika mabakuli ya Chini.

Wageni walipotawanyika, Artemoni alimshika mkewe mkono, akampeleka nyuma ya ile nguzo, upande wa ndani wa hekalu. Huko misokoto miwili ya ndani ilikuwa imekosa nafasi. Iligongana, kila mmoja ukakatwa nusu.

"Hapa hapakupendeza," alisema. "Nimejaribu kila njia."

Filaina aliinua macho akatazama. "Ni lazima pabane mahali fulani," alisema. "Afadhali pabane ndani."

"Naam. Na hapo ndipo ninapokaa mimi," akasema Artemoni, na wote wawili wakacheka.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, mkimwona mtu aliyewekwa kati ya pande mbili, huku ndugu na huku wakwe, kama shangazi yenu leo asubuhi, msimuulize kwa nini hataki kuegemea kwenu. Anajua kwamba akigeukia upande mmoja, wa pili ataupa mgongo. Basi hugeukia kote, na kubanwa kwake hubaki nako kimya ndani. Nguzo ya pembeni haina kisogo.