Dalali Aliyeomba Maji

Kaeni, wapendwa. Kaeni mjinafasi, maana leo viti ni vipya na havipigi kelele. Mimi nina furaha, na siwezi kuificha. Miaka tisa tumesali chini ya turubai, mvua ikinyesha tunasogea, jua likiwaka tunasogea tena. Leo tuna kanisa lenye vigae, lenye ukuta, lenye geti la chuma. Picha zake zinazunguka kwenye simu tangu Alhamisi. Dada yangu aliyeko Mwanza amenipigia kuniuliza, "Hilo ni la kwenu kweli?" Nikamjibu ni la kwetu, na nikamjibu kwa sauti ya kujidai kidogo. Mungu anisamehe, lakini nawaonea fahari.

Sasa, kabla hatujaanza kula pilau, nipeni dakika chache niwape mfano.

Kulikuwa na fundi mmoja wa reli aliyestaafu. Miaka thelathini na moja alikaa na mkewe katika nyumba za shirika, na kila alipohamishwa kituo, mke ndiye aliyefunga mizigo. Siku aliyostaafu, mke alimwambia, "Baba, mimi sihitaji ghorofa. Nataka nyumba ambayo hatakuja mtu mlangoni kuniambia hama."

Akina mama, mmenielewa hapo? Naona vichwa vinatikisika.

Fundi akaingia mtandaoni. Siku hizi nyumba zinauzwa humo, unatelezesha kidole tu: sebule hii hapa, jiko lile pale, choo cha ndani kile. Akaipata moja. Kuta nyeupe pe, vigae vinang'aa, mwarobaini mbele ya baraza, na bei ya mtu mstaafu. Aliitazama siku nne mfululizo. Alijua dirisha la chumba cha pili lina nondo ngapi. Akaanza hata kuiita "nyumbani."

Mkewe akamshauri, "Mchukue yule mama dalali wa mtaa wa nyuma, akutangulie."

Fundi akacheka. "Nimlipe mtu anionyeshe nyumba niliyokwisha kuiona?"

Na ninyi mnacheka, kwa sababu madalali mnawajua. Wapo watakaokuuzia bwawa la vyura wakuambie ni kiwanja kilicho karibu na maji! Lakini huyu mama alikuwa na leseni yake, ofisi yake ya meza moja, na fahari ya kazi yake. Fundi alipomkubalia mkewe na kumpelekea simu, dalali alivaa miwani, akazitazama picha zote ishirini na mbili, akazisifu. Kisha akarudisha simu na kusema, "Picha ni nzuri, kaka. Nyumba bado sijaiona."

Wakaenda. Muuzaji alikuwa ametuma ujumbe kwamba ufunguo ataleta saa tano, atachelewa kidogo. Fundi alikuwa amesimama getini na futi yake ya kupimia mkononi, tayari kupima mahali pa kabati la mkewe. Yule dalali akalipita geti kama vile halikumhusu. Akaenda nyumba ya jirani, akapiga hodi, akaomba maji ya kunywa.

Fundi akamfuata amekasirika. "Mama, tumekuja kununua nyumba au kunywa maji?"

"Kaka, mwaka wa ishirini na mbili huu niko kwenye kazi hii. Sijawahi kumwingiza mteja ndani ya nyumba kabla sijanywa maji ya jirani. Kaa hapo kwenye kigoda."

Mnajua kwa nini? Maana mtu akikupa maji lazima atakuuliza umetoka wapi, na akikuuliza, nawe unapata nafasi ya kumuuliza. Hilo huwezi kulitelezesha kwa kidole.

Aliyeleta maji alikuwa mama mtu mzima, amevaa kitenge cheusi cha msiba. Akashika kikombe kwa mikono miwili, akainama kidogo kama ilivyo heshima. Alipoiona ile futi mkononi mwa fundi, uso wake ukachangamka.

"Kumbe ninyi ndio mafundi wa rangi! Karibuni, baba, karibuni. Tafadhali mwambieni shemeji kwamba harufu imeshakwisha. Nataka kurudi nyumbani kwangu."

Dalali akaweka kikombe chini. "Nyumbani kwako ni wapi, mama?"

Yule mama akanyoosha kidole kwenye nyumba nyeupe yenye mwarobaini.

Akawasimulia. Mumewe alifariki. Arobaini ilipopita, shemeji yake alimjia kwa upole, akamwambia, "Shemeji, wewe una kifua. Sogea kwa jirani siku tatu, tupake rangi." Akasogea na godoro moja na sufuria moja. Na sasa ulikuwa mwezi wa tatu tangu asogee.

Kisha akamgeukia fundi. "Mwanangu, wewe ndiye unayejua kazi hizi. Rangi inachukua muda gani kukauka?"

Wapendwa, ninyi mngemjibu nini? Picha ishirini na mbili fundi alizitazama siku nne, na hakuna hata moja iliyomwonyesha mama huyu. Alitoka kwake kumtafutia mkewe nyumba ambayo hataambiwa hama, na kidogo tu anunue nyumba ambayo mke wa mwenzake ameambiwa hama. Akaikunja futi yake, akaitia mfukoni. Akasema, "Imekauka, mama. Imekauka siku nyingi."

Yule shemeji alipofika anachezesha ufunguo, aliwakuta watu watatu wanamsubiri. Walikwenda wote ofisi ya serikali ya mtaa. Na ile simu ilisaidia pale, nisiisingizie, kwa sababu tangazo lilikuwa na jina la shemeji na namba yake, hakuweza kukana kwamba anaiuza nyumba, akaamriwa aurudishe ufunguo. Jioni hiyo fundi mwenyewe alilibeba lile godoro na kulirudisha ndani ya ile nyumba nyeupe.

Njiani alimwonea dalali huruma. "Mama, umetembea bure leo."

Dalali akajinyoosha. "Bure? Nyumba nyingine nitakutafutia na utaipata. Jina langu lingepotea leo, ningelitafuta kwenye mtandao gani?"

Na fundi alipofika kwake mikono mitupu, mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja. "Yule mama usiku huu analala kwake?"

"Analala kwake."

"Basi mimi nitangoja."

Sasa msitoke hapa mkasema Mchungaji amekataza simu. Mimi mwenyewe ninayo, na picha za kanisa hili nimezituma zaidi yenu wote. Ninachouliza ni hiki: sisi tumewahi kwenda kwa jirani kuomba maji?

Mimi nilikwenda jana jioni. Nilizunguka nyuma ya ukuta wetu mpya, nikapiga hodi kwa Bibi Namsifu. Mnamjua. Miaka tisa amesali nasi chini ya turubai, na zege la sakafu mnayoikanyaga lilichanganywa kwa maji ya kisima chake, wala hakutudai ndoo moja. Alinipa maji kwenye kikombe cha bati. Nikamuuliza, nikijidai kama nilivyojidai kwa dada yangu, "Bibi, umelionaje kanisa letu?"

Akasema, "Zuri sana, Mchungaji. Nimeliona kwenye simu ya mjukuu. Kufika sijafika. Njia yangu mliijengea ukuta, na kuzunguka mpaka getini miguu yangu haiwezi."

Nikakiweka kikombe chini. Hakunilaumu. Alinionea fahari, akanisindikiza mpaka mlangoni kwake. Na sisi ndio tuliomsogeza ili nyumba ipendeze kwenye picha.

Fahari yangu juu yenu haijaondoka, kwa sababu nawajua, hili hamkulifanya kwa ubaya. Ndiyo maana sitaunda kamati. Fundi mwashi uliyejenga ule ukuta, nakuona hapo safu ya tatu. Kesho saa mbili asubuhi njoo na nyundo na tindo, mimi nitabeba kifusi. Anayetaka kutusaidia aje. Tukishafungua mlango kwenye ukuta, pale njia ya Bibi ilipopita, pigeni picha nyingine mtume kokote mnakotaka.

Na Jumapili ijayo, kile kiti cha mbele mkono wa kulia, asikikalie mtu. Hatutaanza wimbo wa kwanza mpaka Bibi Namsifu ameketi.