Mwalimu Vitus na Kabati la Mwanga

Asubuhi za mwezi wa sita jijini Mbeya zina baridi ya kung'ata masikio. Ukungu hushuka kutoka mlimani ukalala juu ya mabati hadi saa nne, na watu hupita wamejikunyata ndani ya makoti. Katika kliniki moja ya magonjwa ya ngozi kulikuwa na kabati refu kama la nguo, lililojaa taa za bluu pande zote. Mgonjwa aliingia humo, akavaa miwani myeusi, akasimama dakika chache huku mwanga ukimtibu ngozi.

Mwenye kabati alikuwa Profesa Frida Luvanda, daktari wa ngozi na mhadhiri, mzaliwa wa Iringa. Huyu mama, tuseme ukweli, alikuwa king'ang'anizi. Miaka ishirini aliimaliza akichunguza mwanga na ngozi. Alikwishawatoa uvimbe watu wenye ualbino walioumizwa na jua, kwa hiyo ubaya wa jua aliujua. Lakini alijua pia kwamba mwanga ukichujwa, ukapimwa kama chumvi ya mboga, huponya. Alipoomba kabati hilo wenzake walimcheka: "Jua la Mungu lipo bure, wewe unataka kulinunua kwa umeme wa luku?" Hakubishana nao. Aliandika maombi miaka minne mfululizo mpaka akalipata.

Mgonjwa wa kumi na tisa katika utafiti wake alimfanya ainuke kitini. Alikuwa Mwalimu Vitus Mgimwa, mstaafu wa miaka sabini na minne, aliyemfundisha Frida fizikia katika sekondari moja karibu na Tosamaganga, kule Iringa.

"Kamwene, Mwalimu! Shikamoo!" Frida alimsalimu kwa Kihehe na Kiswahili.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia unatibu watu kwa fizikia yangu. Nimekuja kuikagua."

Wakacheka sana. Lakini mzee alipokunja mikono ya shati, kicheko kilimkauka Frida. Ngozi ilikuwa nyekundu, imefunikwa magamba meupe. Ilikuwa soriasisi, ugonjwa usioambukiza lakini msumbufu kwelikweli, na ulikuwa umemtawala tangu shingoni hadi miguuni.

"Miaka minane silali na Evarista wangu," mzee alisema, macho yakiwa sakafuni. "Kila asubuhi shuka linajaa magamba. Yeye hata siku moja hajalalamika, ni mimi ninayeona aibu. Nikajinunulia kitanda cha futi tatu, nikahamia chumba cha pili. Sasa Desemba tunafanya jubilei ya miaka hamsini ya ndoa. Frida, nataka nirudi kwa mke wangu kabla ya siku hiyo."

"Utarudi, Mwalimu," Frida alijibu. Machozi yalimlengalenga, akajifanya anatafuta kalamu.

Mzee akafikia kwa mdogo wake kule Iyunga, hapohapo Mbeya, akawa anakuja kliniki mara tatu kwa juma. Kanuni ilikuwa moja: mgonjwa avue nguo zote, abaki na chupi tu, na muuguzi amwangalie kupitia kidirisha cha kabati. Muuguzi alikuwa Sista Tusajigwe, mama wa Kinyakyusa mwenye maneno mengi na moyo mwema. Siku ya kwanza alimtazama mzee, akatazama kile kidirisha, akashika kichwa.

"Hapana jamani! Mzee huyu ni sawa na baba mkwe wangu. Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe hata akiwa amevaa koti, sembuse chupi!" Akafungua kitenge chake kiunoni, akakitundika kwenye kidirisha, akageukia ukutani akihesabu dakika. Mzee alimshukuru kwa moyo wote. Profesa hakuambiwa, maana nani angetaka kumsumbua kwa jambo la heshima?

Wiki zikapita. Mikono ya Mwalimu ilianza kulainika, shingo ikapona, miguu chini ya magoti ikatakata. Frida alifurahi kupita kiasi. Lakini kila alipomwomba afungue vifungo vya shati, kifua kilikuwa vilevile, na mgongo vilevile.

"Na mapajani, Mwalimu?"

"Hivyohivyo," mzee alijibu upesi, akifunga vifungo.

Frida alikosa usingizi. Alipekua vitabu, akapima taa moja baada ya nyingine, taa zote zilikuwa nzima. Mwishoni mwa Agosti akaamua kwamba ngozi ya kiwiliwili cha mzee ilikuwa sugu, akapandisha kipimo cha mwanga. Siku mbili baadaye Mwalimu alirudi shingo, mikono na miguu vimeiva, vina malengelenge. Kifua hakikuwa na hata alama.

Dokta Gerson, msaidizi wake, alifunga mlango, akashusha sauti. "Profesa, andika kwamba ngozi yake ni dhaifu, tumtoe kwenye utafiti. Mgonjwa mmoja akipungua hakuna atakayegundua. Tukisema tumemuunguza, kabati litafungwa."

Ulikuwa ushauri mtamu. Frida aliukodolea macho ukurasa mtupu kwa muda mrefu, maana kabati lile lilikuwa jasho lake lote. Kisha akauacha ukurasa, akaenda alikokaa mzee, akavuta kiti.

"Mwalimu, nimekuunguza mimi. Nilipandisha kipimo kwa kukisia, bila kujua kwa nini mgongo haukubali. Kosa ni langu, na nitaliandika kwenye ripoti kama lilivyo. Unisamehe, baba."

Mzee alikuwa amezoea kusamehe wanafunzi, lakini hakuwahi kuona mwanafunzi akibeba kosa la mwalimu wake.

"Usiandike hivyo, mwanangu," alisema. "Mimi sikuvua nguo."

"Hukuvua nini?"

"Shati wala suruali. Siku zote nimeingia nazo mle. Nilikunja mikono, nikakunja na suruali hadi magotini, basi. Nilifikiri, hivi Frida akija ghafla akanikuta na chupi, mimi niliyemtandika kwa kuchomekea shati vibaya! Nikasema, mwanga mkali kiasi kile hautakosa kupenya kidogo."

"Mwalimu! Si wewe uliyetufundisha kuhusu vitu visivyopitisha mwanga?"

"Ubaoni nilijua. Mle kabatini aibu ilinifuta kila kitu."

Sista Tusajigwe alipolisikia hilo alijipiga paji la uso, akakimbilia kitenge chake. "Yesu wangu! Kumbe mimi ndiye niliyewasha taa nikazima macho!" Frida alitaka kukasirika, akashindwa. Wote wanne, hata Dokta Gerson aliyewafuata, walicheka mpaka mzee akalia, na akalia kweli, kilio cha mtu aliyetua mzigo wa miaka minane.

Walimpumzisha mpaka malengelenge yakakauka, wakaanza upya kwa kipimo cha chini kabisa. Safari hii Dokta Gerson, mwanamume mwenzake, ndiye aliyesimama dirishani, na Mwalimu Vitus aliingia kabatini amebaki na chupi peke yake, kidevu juu kama mtu anayekwenda kupokea ubatizo. Wiki ya sita magamba ya mgongoni yalianza kupukutika. Wiki ya kumi Frida alipitisha kiganja mgongoni pa mwalimu wake, palikuwa laini.

Ripoti nayo aliiandika bila kuficha kitu: kipimo cha kukisia, malengelenge, kitenge na suruali iliyokunjwa. Aliisoma mbele ya mkutano wa madaktari. Ukumbi ulicheka kidogo, kisha daktari mmoja mwenye mvi akanyanyuka. "Na mimi nina wagonjwa ambao mgongo haujakubali," alisema. "Kumbe sikuwahi kuwauliza kama wanavua nguo." Baada yake wakanyanyuka wengine wawili. Kabati halikufungwa, na utafiti ukapata kanuni mpya: kila mgonjwa aulizwe angependa nani amtazame, mwanamume au mwanamke.

Jumatatu baada ya jubilei, simu ya Frida iliita kutoka Iringa.

"Mwanangu, nimefukuzwa," Mwalimu Vitus alisema.

"Umefukuzwa na nani tena?"

"Na Evarista. Ngozi imepona, lakini bado nilikuwa naona aibu kurudi chumbani kwake. Leo nimerudi kutoka shambani nikakuta kile kitanda cha futi tatu amekigawa parokiani. Namuuliza nitalala wapi, ananiambia, 'Wewe mzee, miaka minane nimekungoja uniulize hivyo.'"

Nyuma ya sauti yake, bibi mmoja alikuwa anacheka kwa raha zake. Ama kweli, mficha uchi hazai.